Watu Wake

Kila Jumatatu saa tatu Bwana Rweyendera
hutandaza ramani mezani, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Aggrey,
nasi tunaiwekea vikombe pembeni isijikunje.
Kigamboni imelowa chai tangu mwaka juzi.
Hatujabadilisha ramani.
Kigamboni hatupelekagi kitu.

Mimi ni karani wa daftari.
Safu ya kwanza jina la filamu, ya pili ukumbi,
ya tatu siku ngapi, saa ngapi.
Ya nne ni nyembamba, ni ya sababu,
na humo, mstari kwa mstari, utakuta maneno mawili: watu wake.
Ndiyo lugha yetu. Hii ina watu wake, ile haina.
Ya magari yanayolipuka ina watu wake Masaki,
wanunua bisi kwa bei ya wali kuku,
basi inapewa wiki nne, kiyoyozi, saa mbili usiku.
Ya katuni, shule zikifungwa.
Iliyotengenezwa hapa, na vijana wa hapa,
inapewa Jumanne saa nne asubuhi,
viti vikibaki vitupu tunaulizana: si unaona?

Sikuwahi kulalamika. Mshahara unaingia tarehe ishirini na nane.

Kisha akaja Sihaba Lukindo, flashi mfukoni,
mchanga kwenye viatu.
Saa moja na dakika kumi na nane:
wanawake wa mtaa mmoja, bomba moja,
usiku mzima wa kungoja maji.
Imepigwa Tandika, nyuma ya soko.
Nilipajua kabla hajasema. Ule ukuta wa kijani
niliuegemea nikiwa na mimba ya miezi minane.
Na dakika ya arobaini na moja, kwa sekunde tisa,
mama yangu mzazi akapita na ndoo kichwani,
akageuka, akacheka
jambo ambalo kamera haikulisikia.

Sikusema kitu.

Bosi si mtu mbaya. Aliitazama mpaka mwisho.
Akasema, kazi nzuri, binti, nzuri sana,
kisha kidole chake kikatembea juu ya ramani,
Posta, Upanga, Mwenge, Mikocheni,
kikashuka Temeke, kikafika Tandika,
kikaruka, kama mtu anaruka dimbwi asichafue suruali.
"Hawa wanajiona bure kila siku. Nani alipe tiketi
kutazama foleni aliyotoka kupanga asubuhi?"
Na Masaki?
"Masaki maji yanatoka."
Tulicheka. Hata Sihaba alicheka kidogo,
huku anatafuta mkoba wake ulipo.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.
Niliandika jina la filamu. Ukumbi, nikapiga mstari.
Siku, mstari.
Na kwenye sababu, kwa mwandiko wangu
uliosifiwa na walimu tangu darasa la nne:
haina watu wake.

Jumamosi nikaenda kwa mama, hayupo.
Jirani akaninyooshea mkono: kwa Mkwizu, bandani.
Mabati, turubai, mia tano kiingilio,
watu wamefurika hadi mtaroni,
watoto wamesimama juu ya madumu yao ya maji.
Nani kawaletea? "Mwenyewe. Kaja na flashi yake,
hata soda kaikataa."

Niliingia dakika ya arobaini, sijui kwa bahati gani.
Luninga ndogo, spika inakoroma.
Akatokea na ndoo yake, akageuka,
na banda zima likainuka: Mama Tunu!
Tunu ni mimi.
Mkwizu akarudisha nyuma. Mama Tunu!
Akarudisha tena. Mara ya tatu
nilikuwa nimeshika nguzo.

Mama alikuwa benchi la mbele, kanga yake ya kutokea,
akanisogezea nafasi ya kiganja kimoja.
"Na kule kazini kwenu," akaniuliza, macho hayatoki kwenye kioo,
"mnaionesha wapi?"

Nikamwambia sisikii, mama.
Spika hii.